Motokaa ya Sleyum Haivuki Maji

Kiegeani, Mafia
Mwezi 20 Mfunguo Nne 1356
(2 Aprili 1937)

Kwa mwanangu Ghalib bin Sleyum, Dar es Salaam.

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto limeamua kuzeeka kabla ya mwenzake. Masika yameingia kwa fujo. Nazi za shamba la chini tumeziangua, lakini mbata haikauki, tumeitandaza ukumbini na nyumba nzima inanuka. Bimkubwa wa jirani amejifungua pacha, wote wa kiume, na mumewe anatembea kifua mbele kana kwamba kazi aliifanya yeye. Nisalimie mama yako, Bi Saleha.

Tangu tulipomzika baba yako mwaka jana hujakanyaga huku. Sisemi kitu. Kazi ya serikali najua ina wenyewe.

Motokaa yake iko bandani. Watu bado wanaisimulia ile siku aliyoiteremsha Kilindoni, kigari kidogo cha Kifaransa, akabonyeza kitufe na paa la bati likainuka lenyewe kutoka nyuma, likaja likawafunika waliokaa ndani. Nusu ya watu walikimbia. Nusu walibaki wakamwomba arudie. Sasa paa limelala ndani ya buti na halitaki kutoka, tumebonyeza mpaka kidole kimeuma. Wewe ndiye uliyekuwa ukicheza nalo kutwa kila ukija likizo, basi niandikie namna ya kulifunga.

Sasa sikiliza neno lililonikalisha niandike. Mize ameposwa. Mzee Ussi wa Kisiwa cha Bwejuu amekuja kumposea mwanawe Abeid, kijana mwenye mashua yake na adabu zake. Nimempenda, na Mize amempenda, ingawa anajifanya hajui anazungumzwa nani. Lakini Mzee Ussi alikaa sebuleni akaniambia, "Bi Jokha, sisi ni watu wa bahari, hatuna makubwa. Ila hatuoi mtoto asiye na upande. Watu wanamwita binti wa Kijakazi, basi. Tuonyeshwe walii wa kumwozesha, upande wa baba."

Nimemwambia walii yupo. Baba yake amefariki, lakini ana kaka yake, naye ni wewe.

Unajua, na mimi najua unajua. Baba yako alimwoa Kijakazi kwa mahari na mashahidi wawili, ndani ya sebule hii, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Ilifanywa kimya kwa sababu mama yake Kijakazi alikuwa mtumwa wa nyumba hii na baba yako aliogopa midomo. Mashahidi wamekufa. Kijakazi alikufa Mize akiwa bado anatambaa, nikamlea mimi. Baba yako naye ametutangulia. Nimebaki mimi, na mimi ni mwanamke mmoja, ushahidi wangu peke yake hausimamishi ndoa.

Nataka barua ya uwakala kwa Kadhi wa Kilindoni amwozeshe kwa niaba yako. Hata usiandike mengi. Andika: namwozesha dada yangu.

Shangazi yako,
Jokha binti Hamoud


Dar es Salaam
11 Mei 1937

Shangazi yangu mheshimiwa Bi Jokha,

Shikamoo. Nakubusu mikono. Barua yako nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, macho yanamsumbua kidogo lakini daktari amesema si kitu. Mimi nimehamishwa kwenda ofisi nyingine, na kama unavyoona sasa nina taipureta yangu mezani, ndiyo maana barua hii inasomeka vizuri.

Ninayo habari njema. Mama amenitafutia mchumba katika nyumba moja yenye jina hapa mjini. Mazungumzo yamefika pazuri. Wakwe wanapenda kuona mtu ana kitu alichoachiwa na wazee wake, na nimewaeleza kuhusu motokaa ya marehemu baba. Hapa mjini motokaa ziko nyingi, lakini yenye paa la chuma linaloingia na kutoka lenyewe hakuna. Kwa hiyo nakuomba sana uipakie katika meli mapema iwezekanavyo.

Kuhusu paa, sababu ni betri. Betri imekufa na kitufe bila betri hakifanyi kazi. Lakini inawezekana kwa mkono. Kwanza fungueni kifuniko cha buti. Angalieni, hakifunguki kama sanduku, kinafunguka kinyume, upande wa viti ndio unaoinuka. Mkikilazimisha mtavunja bawaba. Kisha watu wawili, mmoja kila upande, waliinue paa kwa pamoja na kulisukuma mbele polepole mpaka lifike juu ya kioo. Pale kuna komeo mbili, ya kulia ni ngumu, inataka kupigwa kidogo kwa kiganja. Tieni grisi kwenye bawaba. Msitumie nyundo. Baba hakuruhusu hata mtu aliegemee.

Litakapofungwa lifungwe hivyo hivyo mpaka lifike Dar es Salaam.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Mwanao mtiifu,
Ghalib S. Hamoud


Kiegeani
Mwezi 26 Mfunguo Sita
(6 Juni 1937)

Kwa mwanangu Ghalib.

Marahaba, na hongera ya mchumba. Mwenyezi Mungu aifanye kheri. Pacha wa Bimkubwa wametiwa majina, mmoja ameitwa Sleyum kwa ajili ya baba yako. Nililia, nakwambia wazi. Maulidi yalisomwa hapa nyumbani na watu walikuwa wengi mpaka tukapika mara mbili.

Barua yako inasomeka vizuri, unasema. Kwa nani? Mimi nasoma herufi nilizofundishwa chuoni kwa Kurani, zile zinazoanzia kulia. Hizi za mashine yako sizijui. Imebidi nimpe Jumanne, yule dereva wa lori la mbata, aipeleke Kilindoni kwa karani Kombo, naye Kombo unamjua, hawezi kusoma kitu kimyakimya. Aliisoma barazani kwa sauti ya khutba. Kilindoni yote sasa inajua kwamba komeo ya kulia inapigwa kwa kiganja.

Na yote ikajua kwamba nilikuuliza mambo mawili ukajibu moja. Kombo aligeuza karatasi akatazama nyuma. Akamuuliza Jumanne, "Hakuna ukurasa mwingine?"

Paa tumelijaribu. Jumanne alifungua buti kinyume kama ulivyosema, akamkuta kuku wangu mweupe humo ndani anaatamia. Nimekataza mtu asimguse mpaka aangue. Kwa hiyo paa la Kifaransa linamngoja kuku wa Kiegeani, na mkweo mtarajiwa naye angoje.

Utauliza kwa nini nashughulika na paa. Nitakwambia. Bibi yangu, yaani mama wa baba yangu, alipokuwa akitoka nje hakutembea hivi hivi. Alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kimetundikwa kwenye nguzo nne, na kila nguzo imeshikwa na mjakazi, watu waone nguo inapita wasimwone mtu. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Nguzo ya mbele ilikuwa ikishikwa na mama yake Kijakazi. Jua lilikuwa linampiga yeye. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika hata kichwa, ajulikane kuwa ni mjakazi.

Sasa nimeapa. Siku Mize atakapotoka nyumbani kwangu kwenda kwa mumewe, atatoka ndani ya motokaa ya baba yake, na paa limefungwa juu yake, kama alivyofunikwa bibi yangu. Motokaa ile ndiyo shiraa ya nyumba hii siku hizi. Mtu asiione hata ncha ya pua yake. Ndipo wataacha kumwita binti wa Kijakazi.

Motokaa haipandi meli kabla sijapata jibu la swali la pili. Niandikie kwa mkono wako.

Shangazi yako,
Jokha


Dar es Salaam
29 Julai 1937

Shangazi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini goti ni nafuu. Samahani kwa kuchelewa, ofisini tulikuwa na ukaguzi, na mama alikuwa na homa siku kadhaa. Sasa amepona. Mtoto kuitwa jina la baba kumetufurahisha sana, mama amesema ni jambo jema.

Nimetumia taipureta tena kwa sababu mwandiko wangu wa herufi za Kiarabu umeharibika, nimeona haya. Tafadhali usimpe Kombo. Yupo mtu mwingine wa kukusomea.

Kuhusu kuku, shangazi, nakuomba. Hiyo si tundu la kuku. Ni mashine.

Kuhusu jambo lile jingine. Nafikiri ni vizuri wenye mtoto wao upande wa mama watafutwe, maana lazima wapo, Bweni au kwingineko. Mimi niko mbali na mambo hayo yalitokea nikiwa mdogo. Si vyema niandike jambo ambalo sikulishuhudia. Pia kuna mama. Unajua hali yake. Hajui baadhi ya mambo, na kumweleza katika umri huu ni kumpa maradhi. Na kuna wakwe, ambao wanauliza sana habari za ukoo. Naomba unielewe bila mimi kusema zaidi.

Meli itakuwepo mwisho wa Agosti. Mzee mkwe ameuliza mara mbili motokaa iko wapi.

Hivi Mize bado anaogopa jongoo?

Mwanao,
Ghalib


Kiegeani
Mwezi 12 Mfunguo Tisa
(20 Agosti 1937)

Kwa Ghalib.

Marahaba. Goti halijapona na halitapona, tusidanganyane. Tumekula kasa waliyemleta kina Ussi, nikaugua tumbo, nikapona. Mpunga wa bondeni umevunwa kidogo. Kuku ameangua vifaranga wake, wote wamesalimika, na buti limefagiliwa.

Barua yako nilimpa Kombo. Nimpe nani mwingine? Mwalimu wa chuo hasomi herufi zako, na wazungu sina urafiki nao. Alisoma barazani kama kawaida yake, na alipofika kwenye jongoo alisoma mara mbili. Mzee mmoja akasema, "Huyu anajuaje mtoto wa watu anaogopa nini?" Wakacheka. Nilipoletewa habari sikucheka. Nilikaa kitandani nikakumbuka ulivyokuwa ukimbeba mabegani kwenda kisimani, wewe una miaka kumi na mbili na yeye ana mitatu, kwa sababu njia ile ilikuwa na majongoo baada ya mvua na yeye akikanyaga chini analia. Ulikuwa ukimwita nani wakati ule? Nilikuwa dirishani. Nilikusikia.

Haogopi tena. Anawaokota kwa kijiti anawatupa uani. Amekua, Ghalib.

Sasa kuhusu mama yako, ambaye hajui. Nilitaka ninyamaze lakini umenichokoza. Mama yako anajua tangu siku ya kwanza. Kijakazi alipojifungua, Saleha ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, kwa mikono yake, siku saba, bila kumsemesha neno. Siku ya nane alifunga vitu vyake, na mwaka ule ule akahamia Dar es Salaam kwa ndugu zake. Baadaye ulipokua kidogo akakuita. Hakuondoka kwa kutojua. Aliondoka kwa kujua, na haki yake alikuwa nayo, simlaumu. Lakini wewe usijifiche nyuma ya buibui la mama yako. Unayemficha ni nafsi yako mbele ya wakwe.

Ya paa. Grisi hatuna. Tumetia mafuta ya nazi, ya kukamua hapa hapa, na paa sasa linateleza lenyewe unalisukuma kwa kidole. Jumanne amelifunga na kulifungua mara nyingi mpaka nikamfukuza. Komeo ya kulia umesema kweli, inataka kiganja.

Nimeamua. Harusi ni mwezi wa Shaaban, kabla ya kufunga. Nimempa Mzee Ussi neno langu. Fungate itaishia hapa nyumbani, kisha bibi harusi atatoka kwa motokaa, paa limefungwa, kwenda Kilindoni alikojenga mumewe. Kama wewe ni kaka yake, toa ruhusa. Kama si kaka yake, basi ni mtu baki, na mtu baki hana la kusema kuhusu harusi ya watu. Nyamaza kimya kabisa na motokaa uisahau.

Jokha binti Hamoud


Dar es Salaam
13 Septemba 1937

Kwa Bi Jokha binti Hamoud, Kiegeani.

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sikutegemea maneno yale kutoka kwa mtu niliyemheshimu kama mama. Meli ya Agosti imepita bila motokaa. Mzee mkwe ameniuliza mbele ya watu kama kweli motokaa ipo au niliiota. Nimeaibika kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Umesema kama mimi ni mtu baki ninyamaze. Sitanyamaza. Siwezi kukaa kimya huku mali ya baba inafanywa gari la harusi katika njia za mashimo, na kila kitu kinaamuliwa bila mimi. Baba hayupo. Mwanamume aliyebaki katika nyumba ya Sleyum bin Hamoud ni mimi. Mimi ndiye walii wa Mize na hakuna mwingine. Kwa hiyo natamka wazi kwamba simruhusu kuolewa na Abeid bin Ussi wala mtu mwingine yeyote mpaka motokaa iwe imepakiwa melini na mimi nimepata habari kwamba imepakiwa. Ikiondoka Mafia leo, nitatoa idhini kesho.

Nimemtumia Kadhi nakala ili asiwepo mtu wa kusema hakujua.

Ghalib bin Sleyum

Nakala: Kadhi, Kilindoni.


Kiegeani
Mwezi 22 Shaaban 1356
(28 Oktoba 1937)

Kwa mwanangu Ghalib bin Sleyum.

Asalaam aleikum. Sisi wazima kabisa. Nyumba bado inanuka pilau na udi, na uani kuna masufuria ya kuazima ambayo sijui yote ni ya nani. Pacha wa Bimkubwa wamejifunza kukaa, mmoja akianguka mwenzake anaanguka. Mwezi wa Ramadhani u karibu. Ulizoea kuja kufunga huku.

Nakuandikia mambo kwa mpango, maana najua umekaa hapo ukingoja habari za meli.

Nakala yako ilifika kwa Kadhi kabla ya barua yangu kunifikia mimi. Kadhi naye macho yake ni ya herufi za kwetu, akamwita Kombo. Kombo akasoma pale barazani, baada ya sala ya Ijumaa, wazee wamekaa wote, Mzee Ussi yumo. Alisoma mpaka pale uliposema: mimi ndiye walii wa Mize na hakuna mwingine. Kadhi akainua mkono. Akamwambia, "Rudia hapo." Kombo akarudia. Kadhi akawatazama wazee, akasema, "Mmesikia?" Wakasema tumesikia.

Jumanne alikuja mbio kunieleza. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa, Ghalib, nakwambia ukweli. Usiku wa kuamkia siku ile nilimwambia Mize pengine tumrudishie Ussi posa yake. Sasa nikavaa buibui na barakoa yangu ya kufunika uso, nikapanda lori la mbata, juu ya magunia, na goti langu hili, nikaenda Kilindoni.

Kadhi alinipokea ndani, akakaa upande wa pili wa pazia. Akaniambia, "Bi Jokha, miezi yote hii ulikuwa ukitafuta kaka akubali. Huyu amekubali kwa kukataza. Mtu baki hawezi kumkatazia binti wa watu kuolewa. Anayekataza ni walii, na walii wa upande wa baba hawi ila kwa damu ya baba. Amejitaja mwenyewe, na ametaja jina la baba, mbele ya mashahidi ambao siwezi hata kuwahesabu, kwa sababu ya sauti ya Kombo."

Nikamuuliza, "Na kukataza kwake?"

Akasema, "Lau angeniambia mume si wa hadhi yake, ningekaa nikamsikiliza, ndiyo haki ya walii. Angesema mume mlevi, ningeuliza. Amesema motokaa. Motokaa si sababu. Walii akizuia bila sababu ya sharia, uwalii unamtoka, unakuja kwangu. Nitamwandikia, nimpe muda ajirudi."

Alikuandikia. Ulipata barua ile, najua, kwa sababu risiti ilirudi na mhuri wa karani wa posta wa huko. Hukujibu. Sijui ulikaa nayo vipi. Nilimwombea Mungu ujibu, na kila boti ilipofika nilimtuma Jumanne. Ungeandika hata kwa mkaa.

Basi Kadhi akaja Kiegeani mwenyewe, akaozesha. Wanaume walikaa sebuleni, palepale alipokaa baba yako siku yake. Mimi nyuma ya pazia lilelile, na Mize ubavuni kwangu, ameshika mkono wangu na kuubana mpaka pete ikaniumiza. Kadhi akasema kwa sauti, "Nimekuozesha Mize binti Sleyum bin Hamoud." Akarudia mara tatu kama desturi. Watu wazima walikuwa wakilia, na Mzee Ussi alitoka nje kupenga kamasi.

Fungate ikapita vizuri. Siku ya kutoka, Jumanne alileta motokaa mlangoni, vijana wameisukuma mpaka ikawaka bila betri, ameiosha, ameisugua kwa mafuta ya nazi mpaka inang'aa na kuteleza, paa limefungwa na komeo zote mbili zimelala. Nilikuwa nimeisubiri siku ile tangu masika. Nikatundika kanga kwenye vioo vya pembeni pasibaki hata upenyo. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamwambia Mize apande.

Akasimama. Akaniambia, "Shangazi, naomba lifunguliwe."

Nikadhani joto linamsumbua. Nikamwambia avumilie, Kilindoni si mbali.

Akasema, "Si joto. Bibi yako alifunikwa, sawa. Bibi yangu ndiye aliyeshika nguzo. Mimi nikipita hapa nimejifunika, watu watasema Bi Jokha amemfanya mtoto wa Kijakazi bibi. Mimi sijafanywa. Nimetajwa jina la baba yangu mbele ya Kadhi. Nijifiche nini? Na mama yangu nimfiche kwa nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia nimepigana na Dar es Salaam nzima kwa ajili ya paa lile. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema taratibu, "Hukupigania paa, shangazi. Ulinipigania mimi."

Miaka sitini na mbili ninayo, na mtoto niliyemlea ndiye aliyenifundisha siku ile. Jumanne alikuwa ananitazama anasubiri amri. Nikamwambia, "Fungua, unangoja nini?" Akapiga ile komeo ya kulia kwa kiganja, paa likarudi nyuma likazama butini, na jua lote likaingia ndani.

Mize akapanda nyuma na mumewe. Alikuwa amevaa leso nyekundu, hina mpaka viwikoni, na uso wake ni uso wa baba yako mtupu, ule mdomo, yale macho ya kukunja. Hakuna aliyehitaji Kadhi tena. Wazee barabarani walimwona wakasema, "Sleyum!" kabla hawajasema kitu kingine.

Sasa mambo yako. Kadhi amesema motokaa ni mirathi, ina wenyewe, wewe na mama yako na dada yako. Mimi simo hata msumari. Nilimuuliza Mize sehemu yake anaitaka wapi. Amesema anaanzia kwenye paa. Wewe na Bi Saleha mtagawana magurudumu, lakini magurudumu hayatoki Kiegeani bila paa, na paa haliondoki bila mwenyewe. Mkweo akitaka kuiona apande meli aje huku, tutampikia. Akiuliza ukoo wenu, mwambie aulize mtu yeyote Kilindoni. Umekwisha kusomwa.

Kama ukija, njoo kabla ya mwezi kuandama. Mize hakusema kuwa amekusamehe, na sikumuuliza. Alisema tu kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kuhesabu, njiani kwenda kisimani, na akaniuliza kama bado huli pweza.

Limebaki moja, nalo ni langu. Mimi nilikaa mbele, kando ya Jumanne. Tulipofika njia panda ya Kiegeani watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, na upepo unanipiga barakoa inanikwaruza pua. Njia ile nimeipita maisha yangu yote, na sikuwahi kuiona ila kwa matundu mawili. Nikaivua nikaiweka mapajani. Watu wakanikodolea macho. Wengi wa watu wale nimewazika wazazi wao, nimewalisha futari, na hapakuwa na mmoja aliyewahi kuniona uso. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, simjui hata jina, akasema, "Shikamoo, Bi Jokha." Na wengine wakafuata, njia nzima, shikamoo, shikamoo.

Niliwaitikia wote, kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka Kilindoni.

Ni mimi shangazi yako,
Jokha binti Hamoud, ambaye sasa anajulikana kwa sura.